Mimi ni Mtu wa Nne

Siku hizi ukimwambia mtu unakimbia, kitu cha kwanza anachouliza ni medali. Ulienda Kilimanjaro Marathon? Tisheti ya mwaka huu ni rangi gani? Picha umeweka wapi? Mambo hayo ni bomba, sina ugomvi nayo. Mimi mwenyewe nina tisheti nne za namna hiyo kabatini, na mbili zimeshageuka matambara ya kufutia jiko. Lakini leo nataka tuongee kuhusu mbio zisizo na lami, zisizo na spika za muziki, na ambazo mara nyingi hazina hata hiyo medali. Mbio za nyika, au krosi kantri kama wengi tunavyoita. Unakimbia kwenye majani, shambani, kwenye tope, unapanda kilima unashuka, unaruka mtaro. Hakuna anayekuuliza umetumia dakika ngapi, maana hakuna njia mbili zinazofanana. Swali ni moja tu: umekuwa wa ngapi?

Na sisi wa Laela, jamani, uwanja tumepewa bure.

Kwa wale mnaoipita Laela ndani ya basi mkiwa mmelala: ni mji mdogo juu ya uwanda wa Ufipa, mkoani Rukwa, kilometa kama 95 kutoka Sumbawanga ukielekea Tunduma. Huku juu ni vilima vya majani, miti ya kuhesabu, upepo usio na adabu na mahindi, mahindi, mahindi. Upande mmoja uwanda unaporomoka kwenda Ziwa Rukwa, upande mwingine Ziwa Tanganyika. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwenye joto na nazi. Nilipoletwa huku kikazi kama afisa kilimo, Julai ya kwanza nililala na soksi pea mbili na bado meno yaligongana.

Najua kuna mtu ameshasoma neno Sumbawanga akatabasamu. Ndiyo, ni ile ile ya utani wa ungo. Timu za wageni zikija kukimbia kwetu lazima mmoja wao aulize, "Sasa nyie mnahangaika na raba za nini wakati usafiri mnao?" Wenyeji wanacheka tu. Wao hulieleza jina hilo kwa maana ya "tupa uchawi", kwa hiyo anayekuja na wasiwasi wake ashauriwe autupe getini akiingia.

Turudi kwenye klabu yetu. Haikuanza na mpango wowote wa maana. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilipowekwa lami, ule mradi wa fedha za Marekani chini ya mkataba wa MCC uliosainiwa Februari 2008, watu walipata mahali pa kukimbia pasipo na vumbi. Walianza walimu wawili, akafuata kijana wa bodaboda, mama wa duka la pembejeo, nesi mmoja, kisha mimi na mume wangu. Saa 12 asubuhi tunakutana, tunakwenda kilometa 5, tunarudi, tunakunywa chai. Poa kabisa.

Tatizo ni malori. Lami nzuri huleta mwendo mzuri, na msimu wa mavuno malori ya mahindi yanapita moja baada ya jingine. Asubuhi moja ya ukungu lori lilipita karibu na nesi wetu kiasi kwamba upepo wake ulimsukuma mtaroni. Hakuumia zaidi ya magoti, ila siku ile hakuna aliyekunywa chai kwa amani. Mwenyekiti wetu, mzee wa miaka 58 aliyestaafu ualimu, akasema, "Kuanzia Jumamosi lami basi. Mashamba yamejaa tele, tunaogopa nini?"

Ndivyo tulivyoingia nyikani. Kilichotuleta ni woga wa malori, mapenzi ya mchezo yalikuja baadaye.

Ukitaka kujua mwili wako una misuli mingapi, kimbia shamba la Mfipa baada ya mavuno. Wafipa wana kilimo chao cha zamani cha matuta ya duara, ntumba: majani yanakusanywa, yanafunikwa udongo, yanaoza humo ndani na kuwa mbolea. Kama afisa kilimo nayasifia kila siku, ni akili kubwa hii ya kurutubisha udongo bila mfuko hata mmoja wa dukani. Kama mkimbiaji nimeyalaani sana. Hatua moja uko juu, ya pili uko chini, ya tatu hujui uko wapi. Mabua ya mahindi yanachoma vifundo. Wenye viatu vya njumu wanapeta, sisi wa raba mtoni tunateleza kama tumemwagiwa mlenda. Halafu kuna hewa. Huku tuko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Rafiki yangu alipotoka Dar kunitembelea alikimbia na sisi dakika 10, akakaa chini, akauliza kama duka lipo karibu.

Lakini kuna kitu lami haikunipa. Barabarani kila mtu alikuwa na saa yake, na kasi yake, na wivu wake mdogo. Nyikani saa haina maana, unatazama mgongo wa mwenzako na mahali pa kukanyaga. Na ukikimbia ubavuni mwa mtu kwenye njia nyembamba ya ng'ombe, macho yenu wote yako mbele. Hamtazamani. Msomaji uliye kwenye ndoa, hapo ndipo nataka unisikilize vizuri.

Mimi na mume wangu tuna miaka mitano ya ndoa. Mtoto hatujapata. Nimeandika kwa ruhusa yake, sharti lake ni moja, jina nisitaje.

Mwaka wa kwanza watu wanatania. Mwaka wa pili wanauliza. Wa tatu wanaacha kuuliza, na hapo ndipo panapouma. Mama mkwe wangu anaishi kijiji cha jirani, mama mchapakazi, ananipenda na mimi nampenda. Lakini aliponiona Jumamosi moja napita mbio na taiti, kanga nimeifunga kiunoni, alipata jibu lake. Alimwita mwanawe pembeni: "Baba, mwambie mwenzio aache kurukaruka kwenye matuta. Kizazi kinatingishika." Kisha kila nilipokwenda kumsalimu, shikamoo ikishaitikiwa, linafuata swali: "Bado unakimbia, mwanangu?"

Unamjibuje mkweo? Nilijibu, "Kidogo tu, mama."

Tulikuwa tumeshakwenda hospitali mjini, mimi nikiwa nimepimwa kila kinachopimika. Nilimuuliza daktari kuhusu mbio. Akaniambia mazoezi ya kawaida kama yangu hayazuii mimba. Wanaopata shida ni wanaojikamua kupita kiasi, wanakonda, hawali vya kutosha, hadi siku zao zinapotea. Mimi siku zangu zinakuja kama basi la asubuhi, na ugali wa ulezi nakula bila aibu. Akaongeza: "Dada, kipimo kinachofuata si chako. Ni cha mzee." Alinieleza kuwa wanandoa wakikaa miezi 12 wanakutana bila kinga na mimba haipo, wanapimwa wote wawili, maana sababu inaweza kuwa kwa mke, kwa mume, au kwa wote. Na tusijione wa ajabu. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya 6 duniani hukutana na tatizo hili maishani mwake.

Nikafikisha ujumbe nyumbani. Weee! Mume wangu ni mtu mpole, mwalimu wa hesabu, lakini nyumba ilipoa wiki nzima. "Mimi nina tatizo gani? Unaniona mgonjwa?" Mada ikafungwa. Ilifungwa miezi minane. Mezani haifunguki, kitandani ndiyo kabisa. Ukimtazama mtu usoni ukamwambia "nenda kapimwe mbegu", anasikia "wewe si mwanaume". Sijui nani aliwafundisha kusikia hivyo, ila wengi wanasikia hivyo.

Ikafunguka kilometa ya saba, siku ya mbio ndefu ya klabu, tukipanda kilima cha nyuma ya mji. Mbele yetu mwenyekiti alikuwa anapiga stori na vijana, akasema bila kugeuka kwamba na yeye ujanani alikaa miaka sita bila mtoto, akaenda kupimwa, akakutwa na ugonjwa uliotibika. "Nikapata wanne," alisema, "na mmoja wao ananizidi mbio." Vijana wakacheka, stori ikahamia kwenye mpira. Sisi wawili tukabaki nyuma. Hatua kama mia mbili hakuna aliyesema kitu, pumzi tu. Kisha mume wangu, macho mbele, akasema, "Jumatatu ijayo sina vipindi mchana. Nitakwenda."

Nikasema, "Sawa." Nikatazama mahali pa kukanyaga.

Majibu yalionyesha mbegu ni chache kuliko inavyotakiwa. Alipewa matibabu, akaambiwa apunguze kimpumu na bia, aendelee na mazoezi, na avute subira, kwa sababu mbegu huchukua miezi kama mitatu kutengenezwa na kukomaa, hivyo mabadiliko ya leo huonekana baada ya muda huo. Tuko humo hadi sasa naandika. Usiku ule hakula. Kesho yake alivaa raba, akanigongea mlango wa bafuni: "Unakuja au huji?"

Sasa nije kwenye mashindano yenyewe, maana ndiyo yaliyomleta mama mkwe kwenye stori kwa mlango mwingine.

Klabu nne zilikubaliana kukutana kwetu mwezi wa saba, mashamba yakiwa wazi: sisi, wenzetu wa Sumbawanga, wa Tunduma na wa kijiji jirani. Kukawa na ubishi mkali kwenye kamati. Wanaume walitaka wakimbie kilometa 8, wanawake 4, "tusije tukabeba watu kwa mkokoteni." Hapo nilisimama. Nikawakumbusha kwamba kwenye Mbio za Nyika za Dunia pale Kampala mwaka 2017, uwanja wa Kololo, wanawake walikimbia kilometa 10 sawasawa na wanaume, na mwaka huo huo wakaingiza mbio za kupokezana zenye wanawake wawili na wanaume wawili kwenye timu moja. Kama dunia imeweza, Laela inashindwa nini? Kura zikapigwa, wote kilometa 8. Mama wa duka la pembejeo alinipigia vigelegele, kisha akaninong'oneza, "Umetuponza."

Kampala ile inanikumbusha Joshua Cheptegei. Kijana yuko nyumbani kwao, umati unamshangilia, anaongoza mbio za dunia, halafu miguu inakataa mbele ya macho ya Uganda nzima. Akamaliza wa 30. Miaka miwili baadaye, Aarhus, Denmark, akawa bingwa. Mombasa mwaka 2007 nako joto na unyevu vilimtoa njiani Kenenisa Bekele, mtu ambaye nyika ilikuwa kama sebule yake. Huo ndio mchezo wenyewe, unaweza kuwa bora duniani na ardhi ikakukatalia. Na sisi Watanzania tusijidharau hata kidogo: mwaka 2002 kule Dublin, John Yuda alitwaa fedha ya mbio ndefu za nyika nyuma ya Bekele huyo huyo. Ni wangapi tunalikumbuka jina hilo? Tunamjua Simbu na dhahabu yake ya marathon ya dunia, Tokyo 2025, aliyoipata kwa tofauti ya sekunde 0.03 baada ya kilometa 42, na anastahili. Ila John Yuda naye alistahili wimbo.

Kinachonipendeza zaidi kwenye nyika ni hesabu ya timu. Sikiliza. Timu ina watu sita. Wanaohesabiwa ni wanne wa kwanza kufika. Ukiwa wa 3 unapata pointi 3, ukiwa wa 17 unapata 17. Mnajumlisha, na yenye pointi chache ndiyo inayoshinda. Kwa hiyo mkiwa na malkia mmoja anayeruka kama swala na wengine watatu wanatembea, mmekwisha. Kila mtu mmoja ninayempita mimi huku nyuma ni pointi ile ile anayoipata nesi wetu akimpita mtu kule mbele. Na zikifungana pointi? Anaangaliwa mtu wa mwisho kati ya wale wanne. Ambaye wake wa nne amefika mapema, timu yake ndiyo ya juu.

Sisi tuna nesi, ana mapafu ya farasi. Tuna binti wa kidato cha sita. Tuna mama wa duka. Halafu kuna mimi. Mimi ni mtu wa nne.

Wiki ya mashindano mama mkwe alituma ujumbe kwamba anakuja kwetu Ijumaa. Nikajua ni kikao. Alifika na maharage na kuku, akala, akanawa mikono, akaanza: "Wanangu, hii habari ya kesho..." Mume wangu hakumwacha amalize. Alisema kwa upole, lakini alisema. "Mama, tatizo si mbio zake. Tumepimwa wote. Tatizo liko kwangu, na natumia dawa."

Nilikuwa nimeshika sahani. Sikujua niziweke wapi. Mama alikaa kimya muda mrefu, akitazama taa. Mwishowe akauliza, "Hizo dawa unakula na chakula au bila chakula?"

"Na chakula, mama."

"Basi kula. Huyo kuku umemwacha nusu."

Hakuna kingine kilichosemwa. Sikulala, na haikuwa kwa ajili ya mashindano.

Asubuhi kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Wanawake tulijipanga 28, upana wa shamba zima, filimbi ikalia, na kile kitu cha meta 200 za kwanza mjuavyo, viwiko, vumbi, mtu anapiga kelele "namba yangu imedondoka!" Mzunguko ni kilometa 2, mara nne. Mzunguko wa kwanza nilikuwa wa 24 hivi. Sikuwa na wasiwasi, wengi wa mbele walikuwa wameondoka kama wanakimbilia basi. Wa pili nikaanza kuwaokota. Wa tatu mapafu yalianza kunidai kodi. Mume wangu, aliyekuwa ameshamaliza mbio za wanaume akiwa wa 19 (alinisihi nisiandike, nimeandika), alikuwa anakata kona kwa miguu kutoka sehemu moja ya uwanja hadi nyingine akipiga hesabu kwa sauti. Mwalimu ni mwalimu. "Uko wa 19! Uko wa 18! Mmefungana na Tunduma, wapo juu kwa moja! Moja tu!"

Mbele yangu palikuwa na dada mmoja wa soksi nyekundu, si wa Tunduma wala wetu. Kilima cha mwisho kina matuta yale ya duara, yale ninayoyasifia kazini. Nilimkuta katikati ya matuta. Yeye aliyazunguka, mimi nikapita juu yake, moja baada ya jingine, kwa sababu matuta hayo nayajua, nimeyapima kwa futi kamba msimu mzima. Nikatoka mbele yake kwa hatua tatu, na nikamaliza hivyo hivyo, wa 17, nikaenda kuinama kwenye mabua kufanya mambo ambayo gazeti zuri kama hili haliandiki.

Hesabu ikapigwa kwenye daftari la mwenyekiti. Sumbawanga walitusaga bila huruma: 1, 4, 7 na 9, jumla 21. Tunduma 2, 5, 8 na 21, jumla 36. Sisi 3, 6, 10 na 17. Jumla 36. Kukawa kimya, halafu kapteni wa Tunduma mwenyewe akasema, "Angalieni wa nne." Nawavulia kofia, hawakubishana. Sisi wa pili.

Zawadi ya pili ilikuwa mbuzi. Vijana walishaanza kutafuta kisu na chumvi, lakini mama mkwe, ambaye sikuwa hata najua amekuja, alitokea nyuma ya umati na kitenge chake, akamkagua yule mbuzi mdomo hadi mkia, akatangaza: "Huyu jike, na ana mimba. Hachinjwi." Mbele ya mama yule nani atabishana? Akamfunga kamba, akaondoka naye.

Mbuzi amezaa mapacha Novemba. Mama mkwe alinipigia simu saa 11 alfajiri kunipa habari, akaeleza rangi ya mmoja na rangi ya mwingine, kisha akanyamaza, na mimi nikanyamaza. Halafu akauliza mume wangu ana dawa za kutosha hadi mwisho wa mwezi. Nikamwambia zipo.

Kamati imekaa juu ya wale wana-mbuzi. Kundi moja linataka wauzwe tununue njumu pea sita, lingine linataka wakue wawe zawadi za mwakani. Mimi nimepiga kura ya njumu. Kura bado ni sare, na mwenyekiti amesema ataamua Jumamosi, baada ya mazoezi.